Upinde wa puli: usiibiwe roho na spidi ya kwenye boksi

Anaetaka kununua upinde wa puli, ule wenye vigurudumu kwenye ncha zake, swali lake la mwanzo huwa ni moja tu, mshale wake una spidi ngapi. Akiona tangazo limeandikwa futi 340 kwa sekunde basi kwishaa, anampigia mjomba ake alie Dubai amletee huo huo. Ngoja kwanza bwana.

Ile 340 si yako. Viwandani wanapima kwa uzito wa kuvuta ratili 70, mvuto (yaani urefu unaovutwa uzi mpaka mwisho) wa inchi 30 na mshale mwepesi wa greni 350, greni ni kipimo kidogo cha uzito, sasa weye mwenye kimo cha kawaida mvuto wako hauji 30. Simama umeegemea ukuta, nyoosha mikono yote miwili, mtu akupime toka ncha ya kidole cha kati mpaka ncha nyengine afu gawa kwa 2.5. Ukipata inchi 67 mvuto wako ni kama 27. Kila inchi inayopungua inaondoka na futi kama 10, na kila ratili 10 unazopunguza zinaondoka futi 15 mpaka 20 hivi, kwa hivo mtu wa inchi 27 anaevuta ratili 50 ile 340 yake inaishia 270 na kitu, na hapo hajaweka mshale mzito.

Na inatosha kabisa. Mashindano ya dunia ya puli wanapiga mita 50, ratili mwisho 60, umbali kila mtu anaujua, anaeshinda ni alietulia mkono. Spidi inafaa khasa pale umbali unaukisia kwa macho, maana mshale wa kasi haudondoki sana hata ukikosea mita mbili tatu.

Anaeilipia hiyo spidi ni bega lako. Puli za kasi zinakuwa nzito toka unaanza kuvuta mpaka karibu ya mwisho, afu uzito unaanguka ghafla, na ukilegea kidogo tu pale mwisho uzi unaunyakua mkono wako kwenda mbele. Puli laini zinapanda taratibu na kushuka taratibu. Tazama pia nafasi baina ya mshikio na uzi wakati upinde haujavutwa: inchi 6 huo wa mbio, lakini mshale unakaa kwenye uzi muda mrefu zaidi kwa hivo ukitikisika tu umekwenda nao upande, inchi 7 unakusamehe. Na ulizie ukishavuta mpaka mwisho upinde unapunguza uzito asilimia ngapi, maana wa ratili 50 unaopunguza asilimia 80 unabakia umeshika ratili 10 tu. Upinde mrefu umetulia kuliko mfupi, ila mzigo kuubeba.

Kuujaribu ni hivi. Kaa kitini, nyanyua miguu isiguse chini, weka mshale, elekea shabaha, vuta moja kwa moja kuja usoni. Ikiwa lazima uuelekeze juu mbinguni ndo uvutike, ratili zimekuzidi, usijitetee. Ukishavuta tulia hapo uone alama ya kulengea inazunguka kiasi gani, afu rudisha polepole. Kuachia uzi bila ya mshale usifanye hata kwa mzaha, upinde unaweza kupasuka mikononi mwako.

Kwa sisi wa visiwani mie ningeangalia kitu kimoja kabla ya spidi: unaweza kubadilisha mvuto na ratili kwa ufunguo tu, bila ya presi, ile mashine ya kuukunja upinde ili uzi ulegee? Ipo mfano Diamond Infinite Edge Pro, inatoka ratili 5 mpaka 70 na mvuto inchi 13 mpaka 31, si ya mbio sana lakini baba na mwanawe wanatumia mmoja. Ile ya bei kubwa inayotaka presi, ikikosea mvuto utaivusha boti mpaka wapi?

Uzi upake nta mara kwa mara, puli na skurubu zifute, hewa ya bahari hii inakula chuma, na usiuache ndani ya gari juani. Na kabla mjomba hajaufunga kwenye begi nenda kaulize polisi na forodha vibali vinavyotakiwa, usingoje mpaka umekwama bandarini.