Tazama kidole kabla ya maneno: dalili za mapema za usonji

"Wa kiume huchelewa kusema, msubirini." Kauli hii imechelewesha watoto wengi kupata msaada, kwani usonji (autism), yaani ubongo kukua kwa namna tofauti, hujionyesha kabla ya maneno.

Anza na jina, mtoto akifika miezi 12. Zima televisheni. Akiwa anacheza, kaa hatua mbili nyuma yake, umwite kwa sauti ya kawaida mara tatu, ukinyamaza sekunde tano kila mara. Usipige makofi wala kumgusa, maana atageukia kishindo, si jina. Rudia siku nyingine akiwa ameshiba na hana usingizi. Kama pakiti ya biskuti ikifunguliwa jikoni anakuja mbio, ila jina lake halimgeuzi, liandike hilo.

Kwa miezi 18, tazama kidole. Ndege ikishuka kuelekea uwanja wa Kipawa, mwonyeshe kwa kidole: "Ona ndege!" Kwa kawaida mtoto hutazama juu, kisha hukugeukia usoni kuona kama nawe umeiona. Huko kugeuka ndiko tunakokutafuta. Mwenye usonji anaweza asitazame kabisa. Akitaka maji, huenda akakushika mkono na kuupeleka kwenye jagi bila kukuangalia.

Kupungapunga mikono, kutembea kwa ncha za vidole, kuzungusha tairi la kigari muda mrefu, kuziba masikio honi ikilia: moja peke yake haitoshi kusema ni usonji. Lakini mtoto akipoteza maneno aliyokuwa nayo, mpeleke wiki hiyohiyo.

Chanjo ya pili ya surua hutolewa miezi 18, nayo ni nafasi nzuri ya kueleza dalili hizi, kwa kuwa baadaye wengi huiweka kadi ya kliniki kabatini. Mweleze nesi kabla ya sindano, mtoto hajaanza kulia. Beba video fupi ya nyumbani, kwa sababu foleni humbadilisha mtoto. Omba apimwe masikio, na kama uko Dar es Salaam, upewe rufaa kwenda hospitali ya Amana, Temeke au Mwananyamala, kisha Muhimbili ikihitajika. Chanjo haileti usonji. Dalili huonekana tu katika umri uleule. Si jicho la mtu wala malezi ya mama. Ni namna ubongo unavyokua.

Usingoje jibu la hospitali ndipo uanze kumsaidia. Kaa chini, macho yenu yawe sawa, shika kikombe karibu na uso wako, nyamaza. Akikutupia jicho hata kidogo, sema "maji" na umpe papo hapo. Fanya hivyo kila anapokunywa.