Dadu ya kujiokoa, tunavyoihesabu barazani Nkuhungu

Jumapili baada ya ibada, wadogo zangu na watoto wawili wa jirani hukaa mkekani, mimi nikiwa msimulizi. Tunafuata kanuni za Dungeons & Dragons, mchezo wa kusimulia ambao dadu huamua yanayowapata wahusika, toleo la tano la mwaka 2014. Dadu ya pande 20 hatuna, kwa hiyo tumekunja vikaratasi vyenye namba 1 hadi 20 kwenye kopo la maziwa. Chomoa, soma, kunja, rudisha, tikisa. Asiyerudisha anaharibu hesabu ya wote, na hapo siwi mpole.

Nyongeza kwanza, yaani namba unayojumlisha kwenye ile uliyochomoa. Mhusika ana sifa sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na haiba. Kila sifa ina alama, ila alama yenyewe haijumlishwi kwenye dadu. Toa 10, gawa kwa 2, nusu ikibaki shuka chini. Alama 16 inatoa +3. 14 inatoa +2, na 15 vilevile. Wengi hukwama chini ya kumi: 9 inatoa −1, si sifuri, na 7 inatoa −2. Mimi naandika nyongeza kwa kalamu nyekundu na alama kwa penseli, maana nyongeza ndiyo utakayoitafuta kila dakika. Kila +1 ni kikaratasi kimoja zaidi cha kukuokoa kati ya 20. Ndiyo maana naipenda.

Ukishambulia, wewe ndiye uliyeanza. Dadu ya kujiokoa hairushwi kwa kutaka. Jambo limekufuata, nawe unaitwa ujibu.

Wiki iliyopita kundi liliingia pango la michoro myekundu, nililolitunga nikikumbuka miamba ya Kolo kule Kondoa. Mchawi akawarushia tufe la moto. Moto wa namna hiyo hukwepwa kwa wepesi. Kizingiti, yaani namba unayotakiwa kuifikia, kinatoka kwa mchawi: 8, jumlisha umahiri wake (nyongeza ya mafunzo) 3, jumlisha nyongeza yake ya akili 3. Jumla 14. Ukiifikia tu, umejiokoa, na madhara unakula nusu.

Mwizi wa kundi ana wepesi +3, na kwa kuwa wezi wamefundwa kujiokoa kwa wepesi anaongeza umahiri, +2 kwa kiwango chao cha tatu. Akachomoa 10, ikawa 15. Sechelela, mganga wa vitabu anayechezwa na mdogo wangu wa mwisho, ana wepesi +2 peke yake. Mafunzo yake ni ya akili na busara. Akachomoa 11. Kumi na tatu. Pungufu ya moja!

Madhara ni dadu nane za pande sita. Tulirusha ile ya ludo mara nane, ikaja 27. Mwizi akala nusu, 13, kwa sababu nusu nayo hushushwa. Sechelela alikuwa na uhai 17. Akaanguka.

Aliyeanguka hujiokoa na kifo bila nyongeza ya sifa yoyote: 10 au zaidi ni nafuu, chini yake ni hatua kuelekea kaburini, na kinachotimia mara tatu kwanza ndicho kinachoamua. Ukitoa 1 ni hatua mbili. Ukitoa 20 unaamka na uhai 1.

Mdogo wangu alichomoa 6. Kisha 14. Kisha 11. Kikaratasi cha nne alimpa dada yake akifungue, yeye akafumba macho. Kilikuwa 17.