Jinsi ya kuseti detekta ya dhahabu kulingana na eneo: moramu, korongo, kifusi, shamba na pwani

Watu wengi wakitaka kununua detekta swali lao la kwanza ni moja tu, ipi inaenda chini zaidi. Mi naona ungeanza kuuliza udongo wako ukoje, maana mashine ileile iliyokupa kipande asubuhi ukihamia kilima cha pili inaweza ikawa bubu kabisa, na haijaharibika aisee, ardhi ndo imebadilika na wewe umebaki na seting za kule ulikotoka.

Nalijua hili kwa sababu limenikuta. Siku ya kwanza kushika GPX 5000, detekta ya kampuni ya Minelab, tena ya kukodi, nilikuwa Chunya kwenye moramu nyekundu yenye vile vijiwe vyeusi kama gololi, nikapandisha geini, yaani nguvu ya mashine kusikia, mpaka mwisho nikijua ukiongeza ndo unaona mbali. Mashine ikalia kila hatua, nikachimba mashimo kumi na nne mpaka saa sita mchana, yote mawe. Mzee mmoja aliyekuwa anapiga detekta pembeni akanitazama weee, mwisho akasema "mjukuu wangu, wewe unasikiliza udongo, dhahabu hujaanza bado." Akaishusha geini, akazungusha swichi ya udongo, kukawa kimya, na ule ukimya nikadhani ameizima.

Kabla ya yote tengeneza kipimo. Chukua risasi, zile za kwenye nyavu za wavuvi, ponda, kata kipande kama punje ya mchele kisha gundisha kwenye kadi ya vocha. Risasi inaita karibu sawa na dhahabu na haina gharama. Ukifika eneo tafuta sehemu isiyolia, fukia kipimo sentimita 5 hivi, pitisha koili, ile sahani ya chini ya mashine. Kila ukibadilisha seting rudi hapohapo usikilize, kama mlio umekuwa safi zaidi baki nayo, kama umefifia rudisha. Hiyo kadi ndo hakimu, achana na maneno ya kijiweni.

Halafu balansi ya ardhi, yaani kuizoesha mashine udongo wa pale ili isiulilie. Shika koili juu ya sehemu safi, ipandishe na kuishusha taratibu kati ya sentimita 5 na 15 kutoka chini, endelea mpaka ule mlio wa chini, ule kama wa mbu, usipande wala kushuka. GPX ina kitufe chake cha kubonyeza wakati unafanya hivyo, mashine nyingine zinajibalansi zenyewe, Gold Monster 1000 kwa mfano. Ila hata ya kujiendesha ukivuka kutoka udongo mwekundu kwenda mweupe simama uipe nafasi, usitembee nayo kama unafukuzwa.

Sasa moramu, hapa ndo watu wengi wanaumia. Ule wekundu ni chuma na chuma kinaijibu mashine kama ilivyo dhahabu. Kama una mashine ya VLF, hizi za bei ya kawaida zinazorusha mawimbi bila kukata, shusha sensitiviti (usikivu wake) mpaka inyamaze halafu ongeza nukta moja tu, na ukubali kwamba kina utakosa. Mashine za palsi kama GPX zinapiga, zinakata, halafu ndo zinasikiliza, kwa hiyo udongo unakuwa umeshatulia kidogo na hapo zinashinda. Kwenye moramu kali weka ile seting ya udongo ya GPX inayoitwa Enhance, ukitafuta vidogo jaribu Fine Gold. Normal iache kwa udongo mpole. Ikiendelea kupiga kelele vua koili ya mono (yenye waya mmoja unaorusha na kusikiliza) uweke DD (yenye nyaya mbili, mmoja unarusha mwingine unasikiliza), utapoteza kina kidogo lakini utasikia kitu. Na koili iende polepole, ikikaribia kugusa chini, ukiinyanyua mwisho wa kila mpepeo kama unafyeka nyasi basi unaruka dhahabu bila kujua.

Kuna jiwe moto pia, jiwe lenye chuma linalolia kama nageti, yaani kipande cha dhahabu, kabisa. Dawa yake pitisha koili pande mbili kwa msalaba, halafu nyanyua kidogo kidogo. Mlio wa jiwe mara nyingi unatawanyika na kupotea haraka ukinyanyua, wa dhahabu unabaki mahali pamoja. Mara nyingi, sijasema kila mara, kwa hiyo ukiwa na shaka piga sururu.

Korongoni mambo ni mengine. Mchanga mweusi umejaa chuma, sasa usihangaike nao, shuka mpaka mwamba. Tumia koili ndogo maana inaingia kwenye nyufa na inasikia punje ndogo, na mashine ya frikwensi ya juu, hiyo Gold Monster ni 45 kHz, hapa ni nyumbani kwake. Ukishachota mchanga wa kwenye ufa pitisha koili tena palepale, vipande vinapenda kukaa chini ya vingine.

Kwenye vifusi na maduara (mashimo ya wachimbaji) ya zamani udongo siyo shida, shida ni takataka: misumari, waya, visoda, vipande vya koleo. Koili ndogo tena, ili usisikie vitu vitatu kwa pamoja. Kile kitufe cha kukataa chuma kinashawishi sana lakini nageti ndogo kwenye udongo mbaya nayo inasomeka kama chuma, mi nakitumia nikichoka tu, muda mwingine nachimba kila kitu. Na tafadhali, ukiona waya mwembamba wa rangi umeingia ardhini usiuvute, panaweza pakawa na kilipuzi ambacho hakikulipuka, toka hapo.

Ukiwa karibu na nguzo za umeme au karasha, mashine ya kusaga mawe, linanguruma, tafuta ile seting ya kuondoa kelele, iache imalize kutafuta chaneli ndo uanze kutembea. Simu weka mbali, siyo mfuko wa suruali. Buti zenye chuma mbele nazo, utajichimbia miguu yako mwenyewe.

Pwani nitagusia kidogo kwa wanaotafuta pete na sarafu ufukweni. Mchanga mkavu hauna neno, ila ulioloa maji ya chumvi unaivuruga VLF ya frikwensi moja, pale inatakiwa ya frikwensi nyingi ukiweka kwenye modi ya ufukwe. Ila magofu usiyaguse. Kilwa Kisiwani na mengineyo yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, ukionekana na koili pale hawatakuuliza umeseti nini.

Na shambani, eneo kubwa ambalo halijaguswa, hapo ndo koili kubwa inalipa, udongo ukiwa mpole unafunika sehemu kubwa kwa siku moja. Subiri wakishavuna, ongea na mwenye shamba na mwenye leseni ya eneo, mgawane vipi mjue kabla hujawasha mashine. Na mashimo fukia, ng'ombe wa watu wanavunjika miguu halafu kesho ukirudi unakuta mwenye shamba amekaa getini na panga.