Namna ya Kuwachunguza Mijusi Wadogo wa Unguja na Pemba

Kabla ya kumtafuta mjusi mwenyewe, tazama kwanza ramani inayoonyesha kina cha bahari. Mkondo unaoitenga Unguja na bara una kina kidogo, na katika enzi ya barafu ya mwisho, bahari iliposhuka kwa takriban mita 120, kisiwa hicho kiliungana na bara, kwa hiyo mijusi waliweza kufika huko kwa miguu. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, na maji yake hayakukauka.

Ukifika Pemba, mtafute mchana mjusi wa kijani anayeitwa kitaalamu Phelsuma parkeri, ambaye hapatikani penginepo duniani. Kagua migomba na minazi jua linapopanda, ukitazama hasa maua, kwa kuwa mijusi wa jamii hii hula wadudu na pia hulamba nekta. Ndugu zake wengi wako Madagaska na visiwa jirani, jambo linaloonyesha kwamba jamii hii imesambaa kwa kuvuka bahari, yamkini juu ya magogo na mimea iliyong'olewa na mafuriko. Mayai yao yana ganda gumu lisilopoteza maji upesi, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sifa iliyowafaa zaidi safarini.

Kisha nenda kwenye miamba ya matumbawe ufukweni maji yakiwa yanakupwa, ukae kimya, usiuangushe uvuli wako juu ya mwamba. Utamwona mjusi mwembamba, mweusi-mweusi, wa jenasi ya Cryptoblepharus, akishuka hadi kwenye mawe yaliyotoka kufunuliwa na maji ili kula wadudu na kaa wadogo, kisha akirudi juu bahari inapojaa. Mjusi anayeishi hivyo hupeperushwa au kusombwa kwa urahisi, na ndiyo maana jamii yake imeenea kutoka Australia hadi pwani yetu.

Usimshike yeyote kati yao. Mkia ukikatika humea upya, lakini huwa ameipoteza akiba yake ya mafuta. Kagua pia mizigo yako kabla ya kupanda chombo, hasa mikungu ya ndizi, makuti na kuni, maana mjusi kafiri na mayai yake husafiri humo, na katika visiwa vya Maskarena (Morisi, Reunion na Rodrigues) wageni wa namna hiyo wamewafukuza mijusi wenyeji kwenye makazi yao.