Namna ya Kumuenzi Mwalimu wa Muziki Baada ya Mazishi

Mwalimu wa muziki anapofariki jijini Nairobi, wanafunzi wake kwa kawaida hufanya mambo mawili kwa haraka na kwa moyo mmoja: huchanga fedha za mazishi na huimba katika ibada ya wafu. Yote mawili ni ya lazima na ya heshima. Hata hivyo, baada ya mwili kusafirishwa mashambani au kuzikwa Lang'ata, na baada ya mweka hazina wa kamati kusoma hesabu ya mwisho, hubaki swali ambalo wengi hawajaliandalia jibu: yale aliyotufundisha yatakaa wapi? Sura yake imo katika picha, na tarehe zake zimo katika kijitabu cha ibada. Kinachopotea mapema ni ufundishaji wenyewe, yaani namna alivyopasha sauti za watoto, mahali alipotaka waimbaji wavute pumzi, alama za penseli alizotia juu ya nota, na nyimbo alizozipanga kwa sauti nne ambazo pengine nakala yake ya pekee ilikuwa mkobani mwake. Mwongozo huu umeandikwa kwa wanafunzi, wanakwaya na jamaa wanaotaka kumkumbuka mwalimu wao kwa kazi yake.

Anzeni na karatasi na kaseti kabla nyumba haijahamwa

Walimu wengi wa muziki wa jijini huishi katika nyumba za kupanga, na kodi haisubiri matanga kuisha. Mara nyingi nyumba hurudishwa kwa mwenyewe mwezi unapokwisha. Samani hupakiwa kwenye lori, na makaratasi, kwa kuwa hakuna aliyeelezwa thamani yake, huuzwa kwa kilo na kuishia kufungia njugu. Kwa sababu hiyo kazi hii hutangulia nyingine zote, hata tamasha, ambalo linaweza kusubiri mwaka mzima bila kuharibika.

Chagueni watu wawili ambao familia inawajua, ikiwezekana mmoja wao awe mtu mzima aliyeimba na marehemu kwa muda mrefu, waende kumwona mjane au mtoto mkubwa siku chache baada ya mazishi. Wasiende kundi zima, na wasiende na magunia. Maneno yawe wazi na ya unyenyekevu: "Mama, tumerudi kukupa pole. Tunaomba ruhusa yako tuziangalie nota na kaseti za Mwalimu hapa hapa nyumbani, tuzipige picha, na lolote tutakalolazimika kuondoka nalo tuliandike na kulirudisha." Orodha iandikwe kwa nakala mbili na kutiwa saini na pande zote. Familia iliyokwisha kuona vitu vya marehemu vikichukuliwa na watu wenye nia njema bila kurudi ina haki ya kusita, na hiyo karatasi ya orodha huondoa wasiwasi kuliko hotuba yoyote.

Mkishakaribishwa, pigeni picha ya rafu na masanduku jinsi yalivyo kabla ya kugusa chochote. Mpangilio wa mwalimu una maana: faili moja huenda ni kwaya moja, au mwaka mmoja wa mashindano, na ukiuvunja hutaweza kuurudisha. Msitupe kurasa zinazoonekana kurudiwa. Nakala tatu za wimbo mmoja zenye alama tofauti za penseli ni ushahidi wa mazoezi matatu tofauti, na pengine wa mwalimu aliyebadili mawazo kuhusu mwendo au kuhusu pumzi. Toeni pini zilizoshika kutu, msizibe mipasuko kwa utepe wa gundi, na msiruhusu mtu yeyote kuzifunika kurasa kwa plastiki ya moto, kwa kuwa haiwezi kubanduliwa tena bila kuichana karatasi. Zilazeni kwenye bahasha ndani ya katoni iliyoinuliwa kutoka sakafuni, kwa sababu unyevu wa mvua za masika kuanzia Machi hadi Mei, na wa vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, huingia hata kwenye chumba kinachoonekana kikavu.

Picha za simu zinatosha iwapo zitapigwa kwa uangalifu. Wekeni karatasi karibu na dirisha, piga ukurasa mzima pamoja na kingo zake, na upande wa nyuma pia, kwani huko ndiko walimu huandika mahudhurio na simu za wazazi. Penseli iliyofifia huonekana vizuri zaidi mwanga ukitoka ubavuni. Kwa nyimbo zilizoandikwa kwa solfa, yaani nota za herufi (d, r, m), ambazo ndizo nyingi katika kwaya zetu, angalieni kwamba vijistari vya oktava, nukta na nukta pacha vinasomeka, na kwamba ufunguo uliotajwa juu ya ukurasa haukukatwa. Mkiinakili kazi hiyo upya kwenye kompyuta, watu wawili waiimbe kutoka nakala mpya huku wa tatu akifuatilia asili, maana kosa la oktava moja katika besi halionekani kwa macho lakini husikika mara moja.

Kaseti zinahitaji subira. Kaseti yenye unga mweupe wa ukungu isichezwe kabla ya kusafishwa na mtu anayejua kazi hiyo, kwa sababu ukungu huo huhamia kwenye kichwa cha mashine na kuziambukiza kaseti nyingine. Vunjeni vijino viwili vya juu ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Sauti ipitishwe kwa waya kutoka kwenye mashine hadi kwenye kompyuta, si kwa kuishikilia simu mbele ya spika, na ihifadhiwe kama faili la WAV la angalau kHz 48 na biti 24. Faili la MP3 lifae kwa kutumiana tu. Zaidi ya yote, hamisheni kaseti nzima. Wengi hukata mazungumzo yaliyo katikati ya nyimbo wakidhani ni takataka, ilhali hapo ndipo mwalimu anapowasimamisha tena, anawaimbia mstari wao, na kuwaeleza kwa nini sauti yao inazama. Sehemu hiyo ina thamani kuliko wimbo uliokamilika, kwa kuwa wimbo uliokamilika kwaya nyingine inaweza kuuimba.

Wekeni nakala tatu za kila kitu: moja kwa familia, moja kwa mwanafunzi mwaminifu anayeishi mtaa mwingine, na moja mtandaoni katika hifadhi ambayo nywila yake inajulikana na zaidi ya mtu mmoja.

Rekodini kumbukumbu za wanafunzi wake

Anzeni na wakongwe. Swali la "Mwalimu alikuwa mtu wa namna gani?" halisaidii, kwa kuwa jibu lake huwa ni tanzia: alikuwa mpole, alikuwa mchapakazi, tutamkosa. Ulizeni mambo ambayo mtu lazima ayaonyeshe ili ajibu. Alianzaje mazoezi? Tuimbie zoezi lake la kwanza. Mkono wake ulifanya nini alipotaka sauti ishuke? Alisema maneno gani tena na tena? Alimfundishaje mtoto asiyeweza kushika lahani? Mtu mzima wa miaka sitini atasimama, atainua mkono kama mwalimu wake, na katika mkono huo mtapata kitu kisichoandikwa katika nota zozote.

Ikiwa marehemu alifundisha ala za asili za nyuzi, kama vile nyatiti, orutu au litungu, video ni ya lazima. Mapigo ya vidole, mkao wa ala na namna ya kuzikaza nyuzi havikai vizuri katika maandishi, na nyimbo hizi zimesafiri kwa karne nyingi kutoka mkono hadi mkono. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura, na mojawapo ya sababu zake ni hiyo hiyo ya upokezanaji kudhoofika kati ya wazee na vijana. Elekezeni kamera moja mikononi na nyingine mwilini mzima, kisha mwombeni mpigaji arudie polepole.

Wanafunzi wawili wakikumbuka jambo kwa namna mbili, rekodini zote mbili bila kuamua. Na ikiwa mwalimu alikuwa mkali, hilo lisifichwe. Ukali wake ukielezwa na mtu aliyeupata na bado akampenda, msomaji atamwona binadamu, na sifa nyingine zote zitaaminika zaidi. Kabla ya kurekodi, elezeni rekodi itatumika wapi na mpate idhini iliyoandikwa. Kwa watoto, idhini ni ya mzazi au mlezi, kama Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inavyotaka.

Majina na haki

Wimbo wetu wa taifa ulitayarishwa mwaka 1963 na kamati ya wanamuziki watano, miongoni mwao Graham Hyslop na George Senoga-Zake, na lahani yake ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kumbembelezea mtoto. Wakenya huuimba wangali shule ya msingi, lakini ni wachache wanaoweza kutaja hata jina moja la wanakamati hao. Ikiwa wimbo mkubwa kiasi hicho huachana na majina ya watu wake, basi wimbo wa kwaya ya mtaani utaachana nayo ndani ya miaka mitano. Kwa hiyo kila ukurasa mtakaounakili uandikwe juu yake: nani alitunga, nani alipanga sauti, wimbo wa asili ulitoka kwa jamii gani, na, kama inajulikana, nani aliyemwimbia Mwalimu mara ya kwanza.

Kwa sheria ya Kenya, hakimiliki ya utungo wa muziki hudumu miaka 50 baada ya kwisha kwa mwaka ambao mtunzi alifariki. Mwalimu aliyefariki mwaka 2024, kwa mfano, kazi zake zinalindwa hadi mwisho wa mwaka 2074, na wenye haki hiyo ni warithi wake, si kwaya yake, hata kama kwaya ndiyo iliyozifanya zijulikane. Kazi aliyoitunga akiwa mwajiriwa inaweza kuwa mali ya mwajiri isipokuwa kulikuwa na makubaliano mengine, hivyo ulizeni mapema shuleni au kanisani. Msichapishe kitabu cha nyimbo wala kuuza rekodi kabla ya familia kutia saini makubaliano yanayotaja mapato yatagawanywaje. Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu ugomvi wa fedha, hata ukiwa mdogo, huwafanya watu waache kuziimba nyimbo zenyewe.

Tamasha la kumbukumbu

Mwaka mmoja baada ya kifo ni wakati unaofaa. Epukeni miezi inayotangulia fainali za kitaifa za Tamasha la Muziki la Kenya, ambazo kwa kawaida hufanyika Agosti, kwa kuwa wanafunzi wa marehemu ambao sasa ni walimu watakuwa na kwaya zao za kuandaa. Mahali pazuri zaidi ni pale alipofundishia, hata kama ukumbi ni mdogo na paa ni la mabati. Ukumbi mkubwa wa katikati ya jiji huvutia wageni, lakini gharama yake huifanya kamati ishughulikie tiketi badala ya muziki. Kama marehemu alikuwa Mwislamu, ongeeni na familia kwanza kuhusu hitima na kuhusu kama tamasha linafaa, na mkubali jibu lao.

Programu isizidi saa mbili. Watoto aliokuwa akiwafundisha waimbe kwanza, wakiwa bado na nguvu, na zoezi lake la kupasha sauti lifanywe jukwaani mbele ya watu kama sehemu ya programu. Kisha nyimbo alizozipanga yeye, zikiimbwa kutoka nakala zilizohakikiwa, na baadaye mpigaji mmoja mmoja kwa vipande alivyojifunza kwake. Hotuba ziwe tatu, ya familia, ya mwalimu mwenzake na ya mwanafunzi, na kila moja ipewe dakika tano. Wanakwaya wa zamani waliotawanyika Kasarani, Rongai na Embakasi hawawezi kukutana kila jioni, kwa hiyo kila sauti ifanye mazoezi yake karibu na wanakoishi, wakitumia rekodi ya sehemu yao, na wote wakutane Jumamosi chache za mwisho.

Ala zake, na mahali pa kuweka mkusanyo

Ala isiyopigwa huharibika. Familia ikiamua kuitoa, ipewe shule au kwaya ambayo tayari ina mtu wa kuifundisha, na kamati ilipie matengenezo ya kwanza: piano ipangwe sauti ikishakaa mahali pake papya kwa majuma kadhaa, valvu za tarumbeta zitiwe mafuta, na nyuzi za fidla zisilegezwe zote kwa pamoja, kwa sababu kijiti cha ndani kinachoshikilia ubao wa juu kinaweza kuanguka. Mkianzisha mfuko wa kusomesha, uwe mdogo na wa jambo moja, kwa mfano kumlipia mtoto mmoja masomo ya ala kwa mwaka. Ada za taasisi kama Kenya Conservatoire of Music, iliyoanzishwa mwaka 1944, ziulizwe kabla ya kutangaza kiasi, na akaunti iwe na watia saini watatu, mmoja kutoka katika familia.

Mkusanyo ukishapangwa, ulizeni kama Idara ya Nyaraka za Taifa iliyoko Moi Avenue, au idara ya muziki ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, itapokea nakala. Pelekeni sampuli na orodha kamili badala ya masanduku. Barua ya makabidhiano itaje ni nani anayeruhusiwa kusoma, ni nani anayeruhusiwa kunakili, na ni mtu gani wa familia atakayearifiwa mtu akitaka kuuimba wimbo hadharani au kuurekodi, nayo itiwe saini na warithi wenyewe.