Kupima mtawanyiko wa maji kwenye uvimbe wa tezi dume kwa MRI

Maji huru, kwenye joto la mwili, hutawanyika kwa takriban mikromita za mraba 3,000 kwa sekunde. Ndani ya saratani ya tezi dume seli zimesongamana, maji hayana pa kupita, na namba hiyo, yaani ADC, mara nyingi hushuka chini ya 900. Kuipata ni rahisi. Kuipata ya kuaminika ndiyo kazi.

Mgonjwa aende haja kubwa muda mfupi kabla ya kipimo. Gesi kwenye puru huvuruga uga wa sumaku, na picha hupinda upande wa nyuma wa tezi, kulekule saratani nyingi zinakoota. Kama alikatwa kipande kidogo cha tezi kwa uchunguzi (biopsi), subiri walau wiki 6 damu iishe.

Vipande vya picha viwe vya milimita 4 bila nafasi katikati, TE (muda wa kusubiri mwangwi wa ishara) isizidi milisekunde 90, TR (muda kati ya mpigo mmoja na unaofuata) isipungue milisekunde 3,000. Piga b 50 na b 800; b ni kiwango cha picha kuhisi mtawanyiko, kwa sekunde kwa milimita ya mraba. Ukianzia sifuri, damu inayotembea kwenye kapilari inahesabiwa kama mtawanyiko na ADC inapanda kwa uongo. Kwa hesabu usivuke b 1,000. Ile ya 1,400 au zaidi ipige kando, ni ya kutazama tu.

Sasa hesabu. Gawanya ishara ya b ndogo kwa ya b kubwa, tafuta logarithimu asilia, kisha gawanya kwa tofauti ya b. Ishara ikiwa 400 kwenye b 50 na 200 kwenye b 800, ni 0.693 ÷ 750 = milimita za mraba 0.000924 kwa sekunde, yaani 924. Lakini kelele ya mashine ikiongeza 20 tu kwenye ile 200, unapata 797. Kwa hiyo ishara ikiwa dhaifu, rudia b 800 mara nyingi zaidi na uchukue wastani. B 50 haina haja hiyo.

Duara la kupimia lichore ndani ya uvimbe, mbali na kingo. Saratani hung'aa kwenye b kubwa na kuwa nyeusi kwenye ramani ya ADC. Iking'aa kote kuwili, huo ni mng'ao wa T2, yaani ishara ya tishu inayodumu muda mrefu, si mtawanyiko uliobanwa; usiuhesabu.

Ukiitilia shaka mashine, zamisha chupa ndogo ya maji kwenye barafu iliyopondwa, iache mpaka ipoe kabisa, kisha ipime: kwa nyuzi 0 lazima isome karibu na 1,100.