Namna ya kufuatilia maisha ya manowari ya zamani, tuishike Orel ya Warusi

Vijana wengi hapa Lamu wanapenda manowari za zamani, picha wanazo tele kwenye simu, lakini mwambie mtu haya niandikie maisha ya meli moja tangu iundwe mpaka mwisho wake, anakwama ukurasa wa kwanza. Tarehe hazilingani, majina yanabadilika, na kila anaposoma anakuta vita tu. Kwa hivo nataka nionyeshe njia ninayoitumia mimi, na tutaishika meli moja, Orel, iliyopigana Tsushima, mlango wa bahari kati ya Korea na Japani, mwaka 1905, Mrusi alipokuwa vitani na Mjapani. Nimeichagua hii kwa sababu ilizunguka Afrika ikaja kukaa miezi miwili na zaidi kwenye bahari hii hii yetu, pale Nosy Be, Madagaska, Bukini ya wazee wetu, na wanaolijua hilo pwani hii ni wachache mno.

Anza na kitambulisho. Chukua daftari, ukurasa wa kwanza andika jina, imeundwa wapi, lini, na ndugu zake ni nani, yaani meli zilizoundwa kwa mchoro mmoja nayo. Orel iliundwa St. Petersburg, kazi ikaanza 1900, wakaishua majini Julai 1902, ikawa tayari kwa safari Oktoba 1904. Tani zaidi ya 13,000, urefu kama mita 121, mizinga mikubwa 4 ya inchi 12 na midogo 12 ya inchi 6. Ndugu zake ni Borodino, Imperator Aleksandr III, Knyaz Suvorov na Slava. Andika hao ndugu kabisa usiwaache, manake kwenye picha wanafanana na watu wanawachanganya kila siku. Na ukisachi, tafuta kwa Orel na kwa Oryol pia, zote ni hiyo hiyo. Halafu kuna mtego hapa, kwenye msafara wa meli za Kirusi zilizokwenda kupigana na Mjapani, ambao Orel ilikuwemo, kulikuwa na meli ya hospitali nayo inaitwa Orel, nyeupe, haina mizinga, nayo Wajapani waliikamata. Ukisoma "Orel ilikamatwa" uliza kwanza ni Orel ipi.

La pili ni kalenda, na hapa sisi watu wa Lamu hatuna shida, tumezoea kuishi na tarehe mbili, ya Maulidi na ya ofisini. Warusi wa wakati ule walitumia kalenda ya zamani iliyokuwa nyuma ya yetu ya leo kwa siku 13 (kwa miaka ya 1800 ni siku 12). Msafara uling'oa nanga Libau, Latvia ya leo, tarehe 15 Oktoba 1904, lakini Mrusi mwenyewe ameandika tarehe 2. Vita vya Tsushima ni 27 na 28 Mei 1905, kwa Mrusi ni 14 na 15. Wewe piga mistari miwili kwenye daftari, tarehe ya zamani huku, mpya huku, na ukikuta tarehe moja tu usiinakili mpaka ujue ni ya kalenda gani. Kosa la siku 13 linaweza kuifanya meli ifike bandarini kabla haijaondoka.

Sasa la tatu ndilo lenyewe, na naomba mtulie nalo. Fuata makaa ya mawe. Watu wanafuata mizinga, mimi nasema fuata makaa, manake manowari ya wakati ule bila makaa ni chuma tu kinachoelea, na ukijua ilipakia wapi makaa na nani alikubali ipakie, umeijua safari yake yote na siasa za dunia ya wakati ule.

Fungua ramani ya Afrika. Uingereza ilifunga mkataba na Japani mwaka 1902, na sisi hapa tulikuwa chini ya Mwingereza, kwa hivo Mombasa haikuwezekana, Zanzibar haikuwezekana, Cape Town haikuwezekana. Tena mwanzo tu wa safari, usiku wa 21 Oktoba, Warusi waliwapiga mizinga wavuvi wa Kiingereza pale Dogger Bank, Bahari ya Kaskazini ya Ulaya, wakidhani ni boti za Kijapani, basi Mwingereza akawa amewaka. Walipofika Tangier, Moroko, wakagawanyika, nyingi ya zile ndogo zikapita Suez, na manowari kubwa mpya Orel ikiwemo zikazunguka Afrika. Sasa angalia vituo: Dakar kwa Mfaransa, rafiki wa Mrusi. Gabon, Mfaransa tena. Halafu Great Fish Bay, Angola, kwa Mreno, halafu Angra Pequena, Lüderitz ya Namibia ya leo, kwa Mjerumani. Halafu Madagaska kwa Mfaransa. Makaa yenyewe yakaletwa na meli za kampuni ya Kijerumani, Hamburg-Amerika, zinawangojea kituo hadi kituo. Hakuna kituo hata kimoja cha Mwingereza, na ukiichora hiyo kwenye karatasi huhitaji mtu akueleze kwa nini msafara ulichukua miezi 7.

Na kila kituo uliza walipakia vipi. Walipakia kupita kiasi, makaa yakarundikwa deki, yakaingia mpaka vyumba vya maafisa, kwenye joto la Dakar, mabaharia weusi kwa vumbi mchana na usiku. Hizi meli tangu kuundwa zilikuwa nzito kuliko hesabu, ukiongeza mzigo huo ule ukanda mnene wa deraya unaokinga ubavu unazama chini ya maji, na kinachobaki juu ni chuma chembamba zaidi. Nahodha yeyote wa hapa aliyewahi kupakia boriti anajua jahazi likizidishwa linavyokaa majini, basi ndio hivyo hivyo, ila hii ilikuwa inakwenda vitani.

Nosy Be ipe ukurasa wake. Walifika Madagaska mwisho wa Desemba 1904, na tarehe 2 Januari Port Arthur, bandari ya Warusi huko Uchina, ikasalimu amri kwa Wajapani. Ile bandari ndiyo waliyokuwa wanaiendea! Sasa wakawa hapo nangani, joto, mvua, maradhi, wakingoja amri kutoka St. Petersburg, na makusudio yakawa Vladivostok, bandari ya Warusi huko mashariki ya mbali. Likumbukeni hilo jina. Tarehe 16 Machi 1905 wakaondoka, kaskazi inaelekea kwisha, wakaikata Bahari ya Hindi wakipakia makaa katikati ya bahari kwa mashua, na dunia haikujua waliko mpaka walipoonekana Singapore tarehe 8 Aprili. Pwani yetu hawakuigusa.

Vita vyenyewe msivirefushe, wengi wameviandika. Kinachotakiwa ni kusikiliza pande zote na kutazama picha. Ndani ya Orel walikuwemo watu waliokuja kuandika waliyoyaona, baharia Novikov-Priboy na injinia Kostenko, na hawa wawili wasomwe pamoja, mmoja anakwambia watu walikuwaje, mwingine chuma kilikuwaje. Siku ya kwanza, 27 Mei, ndugu watatu walizama, Suvorov, Aleksandr III na Borodino, na kwa Borodino aliokoka mtu 1 peke yake, Semyon Yushchin. Orel ikabaki inaelea. Kapteni wake, Yung, alijeruhiwa vibaya akafa kwa majeraha yake. Asubuhi ya 28 Admeri Nebogatov wa Warusi akasalimu amri kwa meli alizobaki nazo, na Orel ikiwemo.

Wajapani waliipeleka Maizuru, bandari yao, wakaipiga picha nyingi. Zitafuteni hizo, zikuzeni kwenye skrini, tazameni mzinga wa kushoto wa mbele: mdomo umekatika, umebaki kipande. Kisha hesabuni matundu ya ubavuni nyinyi wenyewe kabla ya kunakili hesabu ya mtu, na mkinakili andikeni pembeni nani alihesabu, manake waliohesabu hawakubaliani.

Na hapa ndipo wengi wanapofunga daftari, meli imekamatwa, stori imekwisha. La, haijakwisha, ndio kwanza imefika nusu. Wajapani waliitengeneza mpaka 1907, wakaipa jina Iwami, wakapunguza uzito wa juu, ile mizinga ya inchi 6 wakaitoa wakatia 6 ya inchi 8. Kwa hivo ukiona picha yenye umbo jingine usishangae, angalia mwaka. 1914 ilikuwa kwenye mazingiwa ya Tsingtao, bandari ya Uchina iliyokuwa ya Mjerumani, dhidi ya Mjerumani, yule yule aliyewauzia Warusi makaa. Na Januari 1918 ikaingia Vladivostok. Ile Vladivostok ambayo watu wake walizunguka nusu ya dunia wakiitafuta wasifike, meli ikafika miaka 13 baadaye ikiwa na bendera ya Japani. Mimi naona hii ndiyo sehemu nzito kuliko zote katika maisha yake na sielewi kwa nini watu wanairuka. 1922 ikavuliwa silaha kwa mkataba wa Washington wa kupunguza manowari, na Julai 1924 ndege za Kijapani zikaizamisha kwa mazoezi ya shabaha.

Mkimaliza Orel jaribuni nyingine kwa njia hiyo hiyo. Slava, ndugu aliyebaki nyumbani kwa kuwa hakuwa tayari, akazamishwa na Warusi wenyewe Oktoba 1917. Peresvet, iliyokuwa ya Mrusi, ikawa Sagami ya Mjapani, ikauzwa tena kwa Mrusi 1916, ikagonga bomu la baharini nje ya Port Said Januari 1917. Anayetaka ya karibu achukue Königsberg ya Mjerumani, iliyoipiga Pegasus, manowari ya Mwingereza, Zanzibar Septemba 1914 ikaenda kujificha Rufiji mpaka Julai 1915, na hiyo nayo aanze na ukurasa wa makaa, ilipakia wapi na nani alimkatalia.